Kumfungia Labrador Hakumfanyi Mkali

Kazi yangu ni kufunza mbwa, na juzi nimepigiwa simu tena, safari hii na mtu wa Lanet. Amenunua Labrador dume, angali mdogo, na anataka nimwambie aanze kumfungia lini. "Mwalimu, huyu mbwa anacheza na kila mtu. Hata kijana anayetuletea maziwa analambwa mikono. Nikimweka gizani mchana kutwa, si usiku atatoka na hasira?" Maneno hayohayo nimeyasikia Milimani, Njoro na Kisumu, kwa waliosoma na wasiosoma. Nimechoka kuyajibu kwenye simu, kwa hiyo nayaandika hapa kwa kirefu.

Atakachotoka nacho kwenye kile kibanda cha giza ni woga. Watu wengi hawaoni tofauti ya woga na ukali kwa sababu mbwa wote wawili hubweka na kuonyesha meno. Tazama vizuri. Mbwa aliyekulia ndani ya kibanda cha mabati, anayeona mwanga kupitia tundu la msumari, ukimfungulia mlango mgeni akiwapo hubweka huku anarudi nyuma. Mkia umebanwa tumboni. Masikio yamelala. Anajilamba pua mara kwa mara, macho yamemtoka hadi weupe unaonekana pembeni, na uzito wote ameuegemeza kwenye miguu ya nyuma, tayari kukimbia. Mwenye mbwa anaangalia meno na kufurahi kwamba pesa yake imefanya kazi. Mimi naangalia miguu ya nyuma.

Mbwa wa namna hiyo, mwizi akimsogelea kwa ujasiri, humpisha. Akiwa na njia ya kutorokea, ataitumia. Huuma hasa pale anapoona njia imezibwa, na anayemzibia njia mara nyingi ni mtoto wa nyumbani aliyeinama kuokota mpira, au dada wa kazi anayepeleka chakula kibandani, au nyanya aliyekuja kutembea kutoka kijijini na hajui kwamba kuna mbwa. Nimeitwa kwenye nyumba kadhaa baada ya mtu kuumwa, na simulizi ni ileile: mbwa alifungiwa tangu mdogo "apate ukali", na aliyeumwa ni wa ndani.

Halafu kuna suala la mbegu yenyewe. Labrador ametokana na mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, waliokuwa wakivuta kamba na nyavu ndani ya maji baridi. Waingereza wakawachukua katika karne ya 19, wakawazalisha kwa kazi ya kuokota ndege waliopigwa risasi na kuwaleta kwa mwindaji bila kuwaponda, na mwaka 1903 chama cha mbwa cha huko kikawatambua rasmi. Fikiria kazi ile inataka mbwa wa aina gani. Anakaa kati ya watu asiowajua, bunduki zinalia, mbwa wengine wamemzunguka, naye anatakiwa kutulia na kungoja jina lake liitwe. Aliyeuma watu hakuzalishwa. Vizazi na vizazi vya kuchagua upole, nawe unataka kuvifuta kwa kufuli! Ukitaka mbwa wa kukabili mtu, mtafute mwenye asili hiyo, na mlipe mtu anayejua kumfunza, maana huyo naye akifunzwa vibaya ni hatari zaidi.

Labrador atakupa sauti. Mbwa mweusi wa kilo 30 na zaidi akibweka saa nane za usiku, aliye nje hasimami kuuliza ni mbegu gani. Lakini ili abweke kwa maana, lazima ajue ni kipi cha kawaida. Aliyezoea kelele za bodaboda, wapita njia na watoto wa jirani hunyamaza wakipita, na akibweka unajua kuna jambo. Aliyefungiwa hubwekea kila kitu hadi alfajiri, na baada ya wiki mbili hakuna mtu nyumbani anayeinuka kitandani kuangalia.

Kumzoesha huko kuna wakati wake, na wakati huo ni mfupi. Kuanzia wiki ya 3 hadi karibu ya 14 ndipo akili ya mtoto wa mbwa inapokea mambo mapya bila kuogopa sana. Huyu mnayetaka kumfungia "akiwa bado mdogo" mnamfungia katika wiki zile zile anazohitaji kuona watu kuliko wakati mwingine wowote maishani mwake. Wanaume wenye kofia, watoto wanaokimbia, wanawake waliobeba mizigo kichwani, mvua juu ya mabati, mbuzi, mkokoteni: vyote avione akiwa na tumbo limejaa na mtu anayemwamini karibu.

Hapa kuna jambo linaloninyima usingizi. Wiki hizo ndizo pia ambazo chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, bado haijakamilika, kwa kuwa hurudiwa hadi mbwa afikishe kama wiki 16. Madaktari wa Marekani wa tabia za wanyama wanasema mtoto wa mbwa anaweza kuanza kupelekwa kwenye mafunzo pamoja na wenzake siku 7 baada ya chanjo ya kwanza. Lakini mitaa yetu ina mbwa wengi wasiochanjwa wanaozurura, na parvo hukaa udongoni miezi mingi. Nimeona watoto wa mbwa wakifa kwa kuhara damu, na nimeona waliofungiwa kwa kuogopa parvo wakikua waoga kiasi cha kutogusika. Ninachowaambia wateja ni kwamba wambebe mikononi, wakae naye ndani ya gari karibu na soko, na waalike watu nyumbani, ila asikanyage udongo wa barabarani. Je, inatosha? Kwa wengine ndiyo, na kwa wengine nimeona imepungua. Daktari wako wa mifugo anaweza kupinga, na sitamlaumu.

Wapo pia wanaochanganya kufungia na njaa: "Mbwa aliyeshiba halindi." Kwa Labrador huu ni ushauri mbaya maradufu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro kwenye jeni (chembe ya urithi) iitwayo POMC, kiasi kwamba mwili haumpi ishara kamili ya kushiba. Huyo ana njaa hata akila. Ukimnyima chakula, umemkabidhi kwa mtu yeyote mwenye kipande cha mkate. Na sote tunajua wezi wa huku hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Watu huniuliza kama naweza kumfunza Labrador akatae chakula cha mgeni. Namfunza, na mbele yangu anakataa. Saa tisa usiku, peke yake uani, siwezi kukuapia. Alale ndani ya nyumba, hapo hakuna nyama ya kurushiwa.

Njaa hiyohiyo ndiyo inayofanya awe rahisi kufunza. Punje za chakula chake cha kila siku, umpe moja moja anapofanya ulichotaka, zinatosha. Mpimie lakini. Ukipapasa mbavu uzihisi bila kukandamiza. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, Labrador waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi.

Kuhusu kununua nitasema machache. Usichukue mtoto wa mbwa chini ya wiki 8. Mwone mama yake, na mama akikimbilia nyuma ya nyumba akikuona, ondoka, kwa sababu woga pia hurithiwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, na kupe washughulikie kila mwezi. Kisumu mtembeze alfajiri au jua likishatua, maana joto la mchana linaweza kumuua.

Na kama tayari umemfungia mwaka mzima? Fungua mlango na uuache wazi. Usimvute kwa kamba. Kaa chini hatua kadhaa kutoka kibandani, ukiwa umempa ubavu, umrushie chakula bila kumwangalia, hadi atoke mwenyewe. Kisha mtu wa pili, kisha wa tatu. Ni kazi ya miezi. Wengine hurudi wakawa mbwa wazuri, wengine hubaki wakishtuka kila kisogezwapo kiti, na mwanzoni siwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo nyumba ikiwa na watoto wadogo, naweka sharti: geti la pili kati ya mbwa na watoto kabla sijaanza kazi, na ufunguo akae nao mtu mzima.