Maana ya kuiga trafiki ya mtandao

Kuiga trafiki ni kujenga ndani ya kompyuta mfano wa mtandao, yaani viungo, rauta na foleni zake, kisha kuupitishia pakiti (vipande vidogo vya data) za kubuni na kupima zinachelewa kiasi gani na ngapi zinapotea. Programu zinazotumiwa sana ni ns-3 na OMNeT++.

Kabla ya kuwasha programu, piga hesabu kwa mkono. Kiungo cha megabiti 10 kwa sekunde, chenye pakiti za wastani wa baiti 1,000, hupitisha pakiti 1,250 kwa sekunde. Ikiwa pakiti zinafika kwa nasibu tupu, yaani kila moja bila kutegemea nyingine, ukubwa wake nao ni wa nasibu, na foleni haina kikomo, basi zikifika 1,000 kwa sekunde kila moja hukaa wastani wa milisekunde 4. Zikifika 1,200, hukaa milisekunde 20. Mzigo umepanda kwa moja ya tano tu, muda umekuwa mara tano! Mfano wako usipokaribia namba hizi, una kosa, litafute kwanza.

Lakini nasibu hiyo tulirithi kwenye simu, tangu hesabu za Erlang, mwanahisabati wa simu wa Copenhagen, mwaka 1909. Data haiendi hivyo. Vipimo vya Ethernet vilivyochukuliwa katika maabara za Bellcore, Marekani, kati ya 1989 na 1992 vilionyesha kwamba pakiti huja kwa mafuriko, na ukijumlisha kwa sekunde au kwa dakika, mafuriko hayalainiki kama ilivyotarajiwa. Kipimo chake huitwa Hurst, jina la mhandisi aliyechunguza maji ya mto Nile: 0.5 ni trafiki isiyo na kumbukumbu ndefu, yaani ya sasa haiathiriwi na ya zamani sana, na kadiri inavyosogea 1 ndivyo mafuriko yanavyodumu. Ukipuuza hili, utapanga bafa (nafasi ya pakiti zinazosubiri) ndogo na pakiti zitamwagika.

Jaribio moja halitoshi. Endesha angalau 30, kila moja na mbegu yake, yaani namba ya kuanzishia namba nasibu. Tupa sehemu ya mwanzo, kwa sababu foleni huanza tupu na kushusha wastani. Mzigo ukiwa mkubwa, tupa zaidi. Kisha chukua wastani wa kila jaribio, tafuta mkengeuko sanifu (kiasi zinavyotawanyika) wa wastani hizo 30, ugawe kwa 5.48, yaani kipeuo cha pili cha 30, uzidishe kwa 2.045, namba ya jedwali la t kwa majaribio 30: hiyo ndiyo nafasi ya kukosea, juu na chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Wengi huharibu hapa kwa kuhesabu kila pakiti kama kipimo kinachojitegemea. Pakiti mbili zinazofuatana zimesubiri foleni ileile, kwa hiyo nafasi hiyo hutoka nyembamba kuliko ukweli.