Je, wajua kwa nini mechi ya futiboli ya Kimarekani ya mwaka 1892 iliandikwa 1–0?

Katika kumbukumbu za timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Nebraska, msimu wa 1892 una matokeo matano tu. Waliifunga Illinois 6–0, wakatoka sare ya 10–10 na Iowa, wakapoteza kwa klabu ya Denver na kwa Kansas. Tokeo la tano linasomeka hivi: Nebraska 1, Missouri 0.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye mechi za Simba na Yanga au Gor Mahia na AFC Leopards, tokeo hilo halina ajabu. Mtu huwaza kona ya dakika za mwisho, kichwa kimoja, nyavu zinatikisika, mchezo umekwisha. Kumbe siku ile hakukuwa na bao, wala mpira haukuguswa. Missouri walikataa kucheza kwa sababu Nebraska walikuwa na mchezaji mweusi, kijana aitwaye George Flippin, ambaye baadaye alikuwa daktari.

Inafaa kwanza kuelewa kwa nini tokeo hilo halikuweza kupatikana uwanjani, kwa kuwa ndilo linalotuambia kilichotokea. Katika futiboli ya Kimarekani timu haifungi mabao ya thamani moja kama kwenye kandanda. Kila aina ya shambulizi ina bei yake, na mwaka 1892 bei zilikuwa hivi: kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani kulileta pointi 4. Aliyefanya hivyo alipewa nafasi ya kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti, na akifaulu aliongeza 2. Kuupiga mpira namna hiyo katikati ya mchezo, bila kufika kwanza nyuma ya mstari, kulileta 5. Na timu iliyoangushwa na mpira nyuma ya mstari wake yenyewe iliwapa wapinzani 2.

Chukulia duka ambalo mfuko wa mteja una sarafu za shilingi 2, 4 na 5 peke yake, na mwenye duka hana chenji. Unaweza kulipa 2. Unaweza kulipa 6, kwa sarafu ya 4 na ya 2, na ushindi wa 6–0 dhidi ya Illinois unaelezeka kwa hesabu hiyohiyo. Unaweza kulipa 7, au 9, au 11. Shilingi 1 huwezi kuilipa kwa njia yoyote, hata ukikaa dukani mpaka jioni. Hata 3 haiwezekani. Kwa hiyo ukikutana na daftari la duka hilo limeandikwa “amelipa 1”, unajua mara moja kwamba hiyo siyo pesa iliyotoka mfukoni mwa mteja. Ni mwandishi wa daftari aliyeiweka, kwa sababu yake.

Mtu anaweza kupinga kwamba sheria za zamani zilibadilikabadilika, na pengine pointi moja iliwezekana. Ni kweli zilibadilika. Walter Camp, mmoja wa waasisi wa futiboli hiyo, na wenzake walipoanza kuhesabu pointi kwa tarakimu mwaka 1883, kuangushwa nyuma ya mstari wako kulikuwa na thamani ya pointi 1. Lakini mwaka uliofuata thamani hiyo ilipandishwa hadi 2, na ikabaki hivyo. Mwaka 1892 mlango ulikuwa umeshafungwa miaka minane. Baadaye, mwaka 1898, mkwaju wa nyongeza ulishuka kutoka pointi 2 hadi 1, lakini huo hupigwa tu na timu iliyokwisha kufika nyuma ya mstari, kwa hiyo hauwezi kusimama peke yake. Mpaka leo mechi ya aina hii haiwezi kumalizika 1–0 kwa kuchezwa.

Basi 1–0 ni ushindi wa mezani. Kila mchezo una namna yake ya kuuandika. Kwenye kandanda, FIFA huihesabu timu iliyogoma kuwa imefungwa 3–0. Kwenye besiboli huandikwa 9–0, bao moja kwa kila raundi kati ya tisa. Futiboli ya vyuo vya Marekani hutumia 1–0 hata sasa, isipokuwa kama timu inayogomea mchezo ilikuwa tayari iko nyuma kwa pointi. Kwa maoni yangu namba hiyo ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Anayesoma 3–0 ya kandanda miaka mia baadaye anaweza kudhani mabao matatu yalifungwa kweli. Anayesoma 1–0 ya futiboli ya Kimarekani, akijua bei za pointi, hawezi kudanganyika.

Mechi ilipangwa kuchezwa Omaha, Novemba 1892, ndani ya ligi changa ya vyuo vikuu vinne: Iowa, Kansas, Missouri na Nebraska. Watu wengi wakisikia kisa hiki hudhani Flippin alikuwa amezuiwa na kanuni, yaani ligi ilipiga marufuku wachezaji weusi na Nebraska wakaivunja. Tokeo lenyewe linakanusha. Kama Flippin angekuwa hana haki ya kucheza, ushindi wa mezani ungekwenda kwa Missouri. Ulikwenda kwa Nebraska. Katika vitabu vya mchezo, mwenye kosa ni aliyegoma.

Hapo pia pana haja ya tahadhari. Tokeo hilo haliwi ushahidi kwamba ligi ilisimama kupinga ubaguzi. Lilihukumu kitu kimoja tu, kukataa kucheza mechi iliyopangwa. Hali ndani ya Nebraska yenyewe inaonyesha mipaka yake. Flippin aliichezea timu hiyo kuanzia 1891 hadi 1894, akiwa Mmarekani mweusi wa kwanza katika michezo ya chuo hicho. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, akibeba mpira kutoka nyuma na kuuingiza katikati ya msongamano, nyakati ambapo kuurusha mpira mbele kwa mkono hakukuruhusiwa na kichwa hakikuvaliwa kofia ngumu. Karibu kila hatua ilipatikana kwa kifua na bega. Ulipofika msimu wa 1894 wachezaji wenzake walimtaka awe nahodha. Kocha, Frank Crawford, alikataa, kwa hoja kwamba unahodha unataka mtu mwenye akili, naye Flippin ana nguvu tu.

Ukiiweka hoja hiyo kando ya maisha ya mtu mwenyewe, inaporomoka. Baba yake, Charles Flippin, alizaliwa utumwani, akapata uhuru, akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha akasomea udaktari. Mwanawe alizaliwa Ohio mwaka 1868, miaka mitatu tu baada ya vita hivyo kumalizika, na familia ikahamia Nebraska. Kwa hiyo George aliingia chuoni akitokea nyumba ambamo kutibu watu ilikuwa kazi ya kila siku. Akatoka Nebraska akaenda Chicago, akasoma katika Chuo cha Matabibu na Wapasuaji, kilichokuwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha Illinois, akahitimu mwaka 1900.

Kipindi hicho Wamarekani weusi waliotaka udaktari kwa kawaida walielekea kwenye vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili yao, hasa Howard huko Washington na Meharry huko Nashville. Hata baada ya kuhitimu, hospitali nyingi hazikumpokea daktari mweusi afanye kazi ndani yake. Ndiyo sababu Chicago ilikuwa na Hospitali ya Provident, iliyoanzishwa mwaka 1891 na daktari mpasuaji Daniel Hale Williams, mahali ambapo madaktari na wauguzi weusi waliweza kufanya kazi na kupata mafunzo.

Flippin alirudi Nebraska na mwaka 1907 alikuwa ameshafika Stromsburg. Huu ni mji mdogo katika wilaya ya Polk, ulioanzishwa na wahamiaji kutoka Uswidi. Hakukuwa na jamii kubwa ya watu weusi ya kumpa wagonjwa. Waliokwenda kwake walikuwa wakulima wazungu na familia zao. Akafungua hospitali, inayohesabiwa kuwa ya kwanza mjini hapo, na akafanya upasuaji ambao bila yeye wagonjwa wangelazimika kusafirishwa mbali.

Masimulizi mengi juu yake hukazia miaka minne ya mpira na kuupa udaktari sentensi moja ya mwisho. Nadhani uwiano huo umekosewa. Uwanjani alikutana na watu waliokataa hata kusimama mbele yake. Stromsburg alikutana na watu waliomruhusu awapasue tumbo, kitu kinachotaka imani kubwa zaidi, na walifanya hivyo miaka baada ya miaka. Hii haina maana kwamba Nebraska ilikuwa imeponywa ubaguzi. Katika timu ileile ya chuo, baada ya Clinton Ross aliyecheza mpaka 1913, hakuonekana tena mchezaji mweusi hadi Charles Bryant mwaka 1952, karibu miaka arobaini. Milango iliyokuwa wazi wakati wa Flippin ilifungwa baada yake, jambo linalowashangaza wanaodhani historia ya aina hii huenda mbele tu.

Mwaka 1974 Flippin aliingizwa katika orodha ya heshima ya wachezaji wa futiboli wa Nebraska, mchezaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki Mei 1929, akazikwa Stromsburg. Huko alikumbukwa kwa safari za kuwafuata wagonjwa majumbani, nje ya mji, bila kuuliza kwanza kama wana uwezo wa kulipa.