Kuuza safari za meli: yasemwayo na yaliyopo

Shemeji yangu wa Tanga alinipigia simu usiku mmoja, hata salamu hajamaliza. "Shemeji, nasikia siku hizi unazunguka dunia bure kwenye meli za kitalii. Na sisi tutie humo." Mimi naishi Houston, mwendo wa saa moja na ushei kutoka bandari ya Galveston. Meli naziona, ndefu kama mtaa mzima, zikiondoka kwenda Cozumel na Roatán. Mara nyingi naziona nikiwa nimesimama chini, makaratasi ya watu wengine mkononi.

Kazi ya wakala wa safari za meli hapa Marekani imezungukwa na maneno mengi. Mengine yanatoka kwa wasioijua. Mengine, na haya ndiyo mabaya, yanatoka kwa wanaoijua vizuri na wanaitaka ada yako ya kujiunga. Nayachukua kama nilivyoyasikia.

"Wakala husafiri bure."

Safari za mafunzo zipo. Nafasi zake ni chache, hupewa kwanza waliokwisha kuuza, na hata ukipata, mara nyingi utalipa kodi za bandari, bahashishi za wahudumu na nauli ya kukufikisha melini. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni ziara ya siku moja meli ikiwa bandarini: unaingia asubuhi, unapitishwa vyumbani, unalishwa chakula cha mchana, na kabla honi haijalia umeshashuka.

Saa hizo chache si za kupiga picha. Unahesabu hatua kutoka lifti hadi chumbani kwa ajili ya bibi anayetembea na mkongojo. Unaangalia dirisha lipi limezibwa na boti za kuokolea, na chumba kipi kiko chini ya ukumbi wa muziki, maana huko hakulaliki. Unakumbuka kwamba mteja anayeogopa kichefuchefu awekwe sitaha za chini, katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo. Hayo ndiyo anayonunua kwako. Picha za bwawa la kuogelea kampuni ya meli imeshamwonyesha.

"Intaneti imeshaiua kazi hiyo."

Iliyouawa ni kazi ya kukata tiketi za ndege, na hata huko intaneti haikuwa peke yake: mashirika makubwa ya ndege ya Marekani yalianza kuweka kikomo kwenye kamisheni mwaka 1995, na mwaka 2002 yakaifuta kamisheni ya msingi. Kampuni za meli hazikufuata njia hiyo. Ukiwa unauza kiti cha ndege cha safari ya muda wa saa tatu, mnunuzi anahitaji bei na saa ya kuondoka. Lakini chukua Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024: sitaha 20, aina 28 za vyumba, abiria zaidi ya 5,600 kwa hesabu ya watu wawili kila chumba. Mtu anaweza kujichagulia mwenyewe, na wengi hufanya hivyo. Wengine wakifika ukurasa wa tatu wanatafuta namba ya simu ya mtu.

Hapo hapo hufuata dhana nyingine, kwamba wakala huongeza chake juu ya bei. Kwa kawaida bei ya chumba ni ile ile, ununue kwa kampuni au kwangu. Anayenilipa ni kampuni ya meli. Baadhi ya mawakala hutoza ada ya huduma, na wanaoheshimu kazi yao huitaja mapema. Kitu ambacho mteja anapaswa kujua ni kwamba akishabuku kupitia kwangu, mabadiliko yake kwa kawaida yatapitia kwangu pia. Akinipigia saa tano usiku Jumamosi, ndiyo kazi niliyoikubali.

"Safari ya dola 1,900 kwa asilimia 10 inaleta 190."

Ningependa iwe hivyo. Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano, maana umbo lake ndilo hilo kila siku.

Chumba cha watu wawili, usiku saba, jumla dola 1,900. Humo mna kodi na ada za bandari, tuseme 320, ambazo hazina kamisheni. Kisha kuna kipande ambacho mgeni wa kazi hii akikutana nacho hushika kichwa: sehemu ya nauli yenyewe ambayo kampuni ya meli imeamua kutoilipia kamisheni. Tuseme 380. Kilichobaki ni 1,200, na asilimia 10 yake ni 120.

Na hizo 120 si zako zote. Anayeanza hana mauzo ya kumfanya ajadiliane na kampuni za meli peke yake, kwa hiyo hujisajili chini ya wakala mkubwa, tumwite mwenyeji, anayempa namba ya usajili, mfumo wa kubukia na msaada, naye hukata fungu lake. Mgao wa 70 kwa 30 ni wa kawaida kwa mtu mpya. Umebaki na 84.

Wengi hapa huona wanaibiwa. Subiri kidogo. Kampuni za meli hupandisha kiwango kulingana na mauzo ya wakala mzima, na mwenyeji mkubwa anaweza kuwa analipwa asilimia 16. Asilimia 16 ya 1,200 ni 192, na asilimia 70 ya hiyo ni 134 na senti. Umezipita zile 120 ambazo ungezihangaikia peke yako. Kwa hiyo ukimhoji mwenyeji, muulize kwanza yeye analipwa asilimia ngapi na kila kampuni, ndipo uulize anakata ngapi.

Sasa lini? Mteja anabuku Februari, safari ni Desemba. Analipa arubuni, na salio lake litadaiwa karibu miezi mitatu kabla ya meli kuondoka, yaani Septemba. Kampuni nyingi hulipa kamisheni baada ya salio kukamilika, nyingine zinasubiri meli irudi. Kisha fedha zipite kwa mwenyeji. Simu ulizopokea Februari unalipwa Oktoba au baadaye. Mteja akighairi Agosti, huna kitu. Na hicho utakachopata hakijakatwa kodi: unajitegemea, unapewa fomu 1099, ile ya kodi ya wasio waajiriwa, na kodi ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3 kabla hujagusa kodi ya mapato. Nilimwambia shemeji: kazi yako ya mchana usiiache mwaka wa kwanza. Na wa pili pia. Waliokuwa humu mwaka 2020 hawahitaji kuambiwa. Meli zilisimama Machi, na kutoka bandari za Marekani zilianza kurudi baharini Juni 2021. Miezi 15.

Ndiyo maana wanaodumu huacha kukimbizana na vyumba vya bei ya chini kabisa. Chumba chenye roshani kinachukua muda ule ule wa simu, na msingi wa kamisheni yake ni mkubwa. Januari hadi Machi ndipo kampuni hutoa ofa nyingi. Huo ndio msimu wa kuvuna, ingawa mazao huja vuli.

"Lipa ada, pata kadi, kesho ni wakala."

Hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa. Unaalikwa kwenye mkutano wa mtandaoni, mtu yuko kwenye sitaha na miwani ya jua, anakwambia ulipe ada ya kuanza na ada ya kila mwezi, kisha ulete wenzako wawili. Sikiliza wanazungumzia nini kwa muda mrefu zaidi. Kama ni kuuza safari, labda. Kama ni kuleta watu, aliyekuwa Tanzania mwaka 2009 wakati wa upatu wa DECI ataitambua harufu hiyo. Mwenyeji wa kweli pia anaweza kutoza ada, hilo si kosa, lakini fedha zake zinatoka kwenye mauzo ya vyumba.

Na kadi? Kadi ya wakala haimuuzii mtu chochote. Chama cha kampuni za meli, CLIA, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinatoa vyeti vya ngazi mbalimbali kwa wanaosoma na kuuza, na kampuni za meli zenyewe zina masomo ya bure mtandaoni. Yasome. Ni marefu na yanachosha, na ndiyo yatakayokuokoa.

Leseni ya taifa zima kwa kazi hii haipo Marekani. Lakini usikimbie na habari hiyo. California, Florida, Washington na Hawaii zina sheria za kusajili wauzaji wa safari, na inaweza kukuhusu ukiwauzia wakazi wa huko hata kama wewe uko kwingine. Mwulize mwenyeji kama usajili wake unakufunika. Uliza pia kuhusu bima ya makosa ya kikazi. Na ndugu zangu mlio hapa kwa viza ya mwanafunzi: kamisheni ni kipato, na kufanyia sebuleni hakuifanyi isiwe kazi. Ulizeni mwanasheria kabla ya kubuku hata chumba kimoja.

"Abiria ni abiria tu."

Mwalimu wangu wa kwanza wa kazi, Mmarekani, alikuwa na wateja ambao wote walikuwa na pasipoti ya bluu ya Marekani. Kwake nyaraka zilikuwa mstari mmoja wa barua pepe. Kwangu ni nusu ya kazi.

Meli inayotoka Galveston na kurudi Galveston, raia wa Marekani anaweza kuipanda kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali. Habari hiyo ikishasambaa mtaani, kila mtu anadhani inamhusu. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyeletwa hapa na mpango wa wakimbizi, wanawe walitaka kumpeleka Cozumel. Wao wameshapata uraia.

"Mama, pasipoti unayo?"

"Mwanangu, mimi niko na kadi ya kijani, iyo haitoshe?"

"Kadi itakurudisha Marekani. Lakini kampuni ya meli na nchi tunakokwenda wanaweza kutaka pasipoti pia. Na jina kwenye kadi limeandikwaje?"

Kimya. Jina la kwenye kadi lilikuwa limeandikwa kambini na karani aliyesikia vingine, na wanawe walikuwa wamenipa lile la nyumbani. Mambo ya Fatma, Fatuma na Fatima ndiyo maisha yangu. Jina la tiketi lisipofanana na la nyaraka, mtu anarudishwa getini na mizigo yake, na fedha kwa kawaida hazirudi.

Mfano mwingine, maana huu hunasa hata wazoefu. Mama mkwe amekuja kutembea, ana pasipoti ya Tanzania yenye viza ya Marekani, familia inataka Alaska kutoka Seattle. Alaska si Marekani? Ni Marekani. Lakini kuna sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli za bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine, na karibu meli zote kubwa za kitalii zina bendera za nje, kama Bahamas na Panama. Ndiyo maana zile za Seattle hupita Victoria, Kanada, hata kama ni jioni kwa saa chache. Mkwe anahitaji viza ya Kanada. Mwanawe mwenye kadi ya kijani hahitaji viza hiyo, atabeba kadi na pasipoti yake. Kwa Mediterania ni vivyo hivyo: meli ikitoka Barcelona, ikaenda Uturuki na kurudi Ugiriki, mwenye pasipoti ya Kenya anataka viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya ambalo Uturuki haimo, tena ya kuingia zaidi ya mara moja. Meli moja, meza moja ya chakula, na kila mtu ana masharti yake.

Chakula nacho kiulizwe mapema. Kampuni hutofautiana kuhusu nyama ya halali. Nyingine huandaa ukiomba wiki kadhaa kabla, nyingine zitakuelekeza kwenye samaki na mboga. Usiahidi usichokiona kwa maandishi.

"Ukishalipa, umelipa kila kitu."

Hapana. Bahashishi katika kampuni za kawaida ni kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na hukatwa zenyewe. Soda, intaneti na matembezi ya bandarini ni juu yako. Mwambie mteja kabla, la sivyo siku ya mwisho atakuita mwizi. Mwambie pia afike mjini jana yake. Ndege ikichelewa, meli haimsubiri.

Wateja je, wanatoka wapi? Nilianza kwa kutumia fedha kwenye matangazo ya mtandaoni na nikapata watu wa kuuliza bei. Wateja wa kweli wametoka msikitini, kanisani, kwenye harusi na misiba, na zaidi kwenye vikoba vya akina mama. Kikundi kina faida ambayo mgeni wa kazi haijui: kampuni nyingi, ukifikisha watu 16 katika vyumba vinane, hurudisha nauli ya mmoja, bila kodi zake. Kikundi kinaweza kuigawana au kumzawadia mweka hazina.

Kikoba kimoja cha hapa Houston kinakwenda Cozumel, wanawake 16, miaka kumi tangu waanze kuweka akiba pamoja. Salio linadaiwa Ijumaa. Majina 15 nimeyahakiki herufi kwa herufi. Wa 16, ambaye ndiye mweka hazina wao, kila nikimpigia ananiambia, "Dada, pasipoti ipo, naituma leo."