Balteus: mkanda wa upanga na jina lake lilikotoka

Ukiona picha ya askari wa Kirumi na upanga unaning'inia ubavuni, usidhani lazima umechomekwa kiunoni, mara nyingi ulikuwa na mkanda wake peke yake unaopita begani na kukata kifua mshazari. Huo ndo balteus. Ila Warumi neno hilohilo walilitumia pia kwa mkanda wa kiunoni, kwa hiyo ukikutana nalo kwenye maandishi ya kale angalia kwanza linaongelea upi.

Limetoka wapi sasa? Varro, msomi wa karne ya 1 KK, analifungamanisha na bulla, yaani vile vinundu vya chuma vilivyopigiliwa kwenye ngozi. Mi hiyo siiamini hata kidogo, ni sauti tu zinafanana (na huyu mzee alikuwa anazipenda sana hizo). Lakini mwanasarufi Charisius anatuambia kwamba huyohuyo Varro kwingine alisema ni neno la Waetruski, watu wa kale wa Italia waliokuwa jirani na Warumi, na hapo ndo namuelewa, maana ndani ya Kilatini chenyewe halina ndugu wa kueleweka.

Angalia wenzake. Wagiriki waliuita telamon, mzizi wa kubeba na kuvumilia. Waarabu wanasema himala, mzizi uleule uliotupa hamali, kuhimili, kustahimili. Jina linakutajia kazi yake kabisa, wakati balteus limekaa kimya, na bado ndo lililosambaa!

Karne ya 3 BK mkanda wa begani ulishakuwa mpana, una bamba la duara la shaba kifuani, na kuna mabamba yamepatikana yametobolewa umbo la tai na herufi za dua kwa Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, "Optime maxime conserva", yaani ewe uliye bora na mkuu kuliko wote, linda, halafu maneno yanaendelea kwenye kipande kinachoning'inia chini: awalinde wapiganaji wote. Wajerumani wa kale walilichukua neno, ndo likaja kuwa belt ya Kiingereza, na wataalamu wengi wanaona baldric nayo, iliyopitia Kifaransa cha kale, ni ya ukoo huohuo.

Kuna na bahari. Adam wa Bremen, mwandishi wa historia wa karne ya 11, aliandika kwamba Baltiki, bahari ya kaskazini mwa Ulaya, inaitwa hivyo kwa sababu imejinyoosha kama mkanda. Wanaisimu bado wanabishana kuhusu hilo, mi niko upande wa wenye mashaka.