Gari lako limeitwa Japani, wewe uko Kigoma: umdai nani?

Mwalimu mmoja wa Kasulu alikuja ofisini kwangu kwa basi, gari lake kaliacha nyumbani. Kijana wake aliyeko Dar alikuwa ameingiza namba ya chesesi kwenye ukurasa wa Kijapani wa kiwanda, jibu likarudi kwamba gari limeitwa kubadilishiwa mfuko wa hewa wa dereva na kazi hiyo haijafanyika. "Wakili, ina maana nimenunua bomu?" Nikamwambia atoe kwanza karatasi zote alizopewa siku ya kununua.

Hii ndiyo rikoli. Kiwanda kinatangaza kwamba aina fulani ya gari ilitoka na kasoro ya usalama, na kinaahidi kuitengeneza bure. Inayonipa kazi zaidi hapa mwisho wa reli ni ile ya eabegi, yaani mifuko ya hewa, za kampuni ya Takata. Ndani ya usukani mna kikasha cha chuma chenye kemikali ya amonia naitreti, inayotoa gesi ya kujaza mfuko gari linapogonga. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu huharibika. Ikija kuwaka, huwaka kwa kasi mno, kikasha kinapasuka na vipande vya chuma vinamrukia dereva shingoni na usoni. Marekani peke yake waliita vikasha takriban milioni 67, na magari ya majimbo yenye joto na unyevu yakatangulizwa. Sisi tunaoegesha magari Kibirizi na Ujiji, ziwa likitupumulia usiku kucha, tusijidanganye kwamba habari hiyo ni ya Florida.

Takata wenyewe waliomba kufilisiwa Juni 2017, kwa hiyo huko hakuna wa kumdai. Japani nayo, tangu Mei 2018, inayanyima cheti cha ukaguzi magari yenye vikasha hatari ambavyo havijabadilishwa. Gari lisiloruhusiwa kutembea kwao linaishia wapi? Sina ushahidi wa kila gari, ila najua sisi hupenda sana bei ya chini.

Kabla ya kuja kwa wakili, hakiki namba. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi, mfano NCP61 halafu kistari na tarakimu. Ukurasa wa Marekani wa kuhakiki rikoli unataka namba yenye jumla ya herufi na tarakimu 17, hivyo utakukatalia, na watu hudhani kukataliwa maana yake gari ni salama. Tumia ukurasa wa kiwanda wa Japani, piga picha jibu likiwa na tarehe, tafuta wa kukutafsiria.

Sasa, umdai nani? Wengi hutaja kiwanda. Sheria ya Marekani inampa mwenye gari haki ya kutengenezewa bure ndani ya miaka 15 tangu gari liuzwe mara ya kwanza, lakini hiyo ni sheria yao. Hapa kwetu anza na wakala wa chapa hiyo, kwa barua. Mwalimu alijibiwa kwamba gari halikuingizwa nao. Jibu la kukatisha tamaa, lakini nililiweka kwenye jalada kwa furaha, maana linaonyesha mteja wangu alitafuta suluhisho na sasa ana gharama.

Kuishtaki kampuni iliyokuuzia kwa mtandao kutoka Japani inawezekana kwenye karatasi. Kwa gari la milioni kumi na kitu, sikushauri.

Nguvu yako iko kwa yadi iliyokuuzia hapa nchini. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamwekea mfanyabiashara sharti la ubora hata kama mkataba haukulitaja. Yadi hujibu kwa mambo mawili. La kwanza, "ulilikagua mwenyewe." Ni kweli ukaguzi wa mnunuzi humpunguzia muuzaji mzigo, ila kwa kasoro ambazo ukaguzi huo ungepaswa kuzionyesha. Nani hufungua usukani yadini? La pili ni maneno ya kwenye risiti, "limeuzwa kama lilivyo." Hapo ndipo hujenga hoja juu ya Sheria ya Ushindani ya 2003, inayomlinda mlaji na ina sehemu nzima juu ya usalama wa bidhaa. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Huwa natuma nakala ya barua ya madai huko siku hiyo hiyo. Yadi ikiona jina la Tume chini ya barua, husoma upya.

Uliyenunua kwa jirani au kupitia dalali una kazi ngumu, maana sharti la ubora humbana mfanyabiashara. Lakini kama muuzaji aliulizwa kuhusu eabegi akadanganya, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakuruhusu kuvunja mkataba kwa kupotoshwa.

Usitarajie gari jipya. Ukishalipokea na kulitumia, kwa kawaida utabaki na fidia: gharama ya kubadilisha kikasha, au thamani iliyopungua. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita. Ukiumia, madai ya uzembe yana miaka mitatu, na hapo mtengenezaji anaguswa hata kama hukununua kwake. Hoja hiyo imetokana na konokono aliyedaiwa kukutwa kwenye chupa ya kinywaji huko Uskoti, mnywaji akamshtaki mtengenezaji, kesi iliyoamuliwa 1932 na ambayo mawakili hatuchoki kuitaja. Wala usikubali kuambiwa lazima ushtaki Dar. Kama gari ulikabidhiwa Kigoma na kasoro imekukuta Kigoma, kuna hoja nzuri ya kufungua hapa hapa.

Fundi wa mtaani asikung'olee eabegi. Ni kilipuzi, na pia ni kielelezo chako mahakamani. Usilisukumie gari kwa mwingine kimyakimya pia, kwa sababu sasa unajua, na anayejua akanyamaza hunikuta mimi upande wa pili.

Barua ya mwalimu iliondoka Jumatatu. Alhamisi meneja wa yadi akapiga simu, mpole kabisa, akasema wako tayari kubadilisha kikasha kwa gharama yao, mwalimu alete tu gari Dar. Zaidi ya kilomita 1,200. Nikamuuliza nani atakaa nyuma ya usukani.