Ukaguzi wa Afya kwa Waliofanyia Kazi Nyumbani Uingereza: Yanayodhaniwa na Yaliyokuwa

Wengi hudhani kwamba mwanamke aliyeshona makoti chumbani mwake jijini London, mwanzoni mwa karne ya 20, hakuguswa na sheria kwa kuwa hakuwa kiwandani. Sivyo. Sheria ya Viwanda na Karakana ya mwaka 1901 ilimtaka mwajiri, katika kazi zilizotajwa, aweke orodha ya majina na anwani za wote aliowapa kazi ya kufanyia nyumbani, na nakala yake aipeleke katika halmashauri mara mbili kwa mwaka, kufikia tarehe 1 Februari na 1 Agosti. Kwa orodha hiyo mkaguzi wa halmashauri, ambaye huku kwetu tungemwita bwana afya, alijua mlango wa kubisha.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba ukaguzi huo ulikusudiwa hasa kumlinda mshonaji. Anayevisoma vifungu vyenyewe ataona kwamba kilichohofiwa zaidi ni nguo, na kwa hiyo mnunuzi wake: ndui au homa nyekundu (scarlet fever), magonjwa ya kuambukiza, ikiingia katika nyumba, mwajiri aliyeruhusu nguo zishonwe, zisafishwe au zirekebishwe humo alistahili faini, isipokuwa athibitishe kwamba hakujua wala hakuwa na namna ya kujua. Halmashauri nayo iliweza kukataza kazi isipelekwe huko. Mshonaji, basi, alikosa kazi wakati uleule aliokuwa na mgonjwa wa kumuuguza.

Husemwa pia kwamba mwenye chumba kichafu ndiye aliyeshtakiwa chini ya sheria hii. La, onyo lilikwenda kwa mwajiri, ambaye baada ya mwezi mmoja, kama angali anapeleka kazi mahali palipotajwa kuwa hatari kwa afya, aliweza kutozwa faini. Njia nyepesi kwake ilikuwa kumwacha mfanyakazi huyo na kutafuta mwingine.

Kuhusu ujira, ambao kwa maoni yangu ndio uliokuwa mzizi wa msongamano na uchafu wa vyumba hivyo, mkaguzi wa afya hakuwa na la kusema. Suala hilo lilisubiri sheria ya mwaka 1909 iliyounda bodi za mishahara, na hata hivyo wanawake waliofua chuma kutengeneza minyororo katika vibanda vya nyuma ya nyumba zao huko Cradley Heath, mji wa Uingereza, walilazimika kugoma mwaka 1910 ili walipwe kiwango kilichokwisha kupangwa: peni mbili na nusu kwa saa.