Picha haijielezi yenyewe jamani

Nimeambiwa tena juzi, na mwalimu mzuri tu anayeijua kazi yake: "Mimi nawawekea filamu ya utumwa halafu nakaa kimya, picha inajieleza." Haijielezi! Kazi yangu ni kufundisha historia ya ubaguzi wa rangi kwa picha na filamu, na hiyo kauli imenichosha mpaka nimeona niandike kabisa, mtu akiileta tena namtumia linki.

Chukua mchoro wa Brookes, meli ya Kiingereza ya kubeba watumwa, mnaujua, vimwili vyeusi vimepangwa safu kwa safu mpaka sakafu haionekani. Waliutoa Waingereza waliokuwa wanapinga biashara ya utumwa, mwaka 1788, na darasa lolote likiuona linashtuka, sawa. Ila mwaka huohuo bunge lao lilipitisha sheria ya kupunguza msongamano, meli ile ikaruhusiwa watu 454, wakati kabla ya hapo iliwahi kupakia 609, na waliochorwa pale hawafiki hata 500. Yaani kinachokutoa machozi ni hali iliyokwisha kuboreshwa. Halafu sogea karibu uangalie, wote sura moja, hakuna anayetapika wala anayegoma kula wala anayepigana, na uasi ndani ya meli hizo ulitokea sana tu. Mchoro ulifanya kazi yake bungeni, sikatai, lakini ukikaa kimya mwanafunzi anatoka na picha ya Mwafrika aliyelala chali anasubiri mzungu mwema aje amwokoe.

Filamu nazipita haraka. The Birth of a Nation ya 1915, filamu iliyowatukuza Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu la kuwatisha na kuwaua weusi, ilionyeshwa mpaka Ikulu ya Marekani, na mwaka huohuo kundi hilo likafufuliwa. Kwa hiyo wanaosema sanaa inaondoa ubaguzi wakumbuke inaufundisha pia, na inaufundisha vizuri. Na ile hoja ya walimu ya "walilia wote, wameelewa" naomba tuiache, muziki wa huzuni unamliza mtu yeyote.

Sasa hapa ndo penyewe. Kule Marekani, wazungu wakijikusanya kumnyonga mtu mweusi, mara nyingi mpiga picha alikuwepo, anapiga, anachapa postikadi, anauza, watu wanatumiana kwa posta kama salamu. Halafu njoo 1955, Emmett Till, mtoto wa miaka 14, anauawa Mississippi, na mama yake Mamie anaagiza jeneza liachwe wazi Chicago ili watu waone walichomfanyia mwanawe, jarida la Jet linachapa picha ya ule uso. Kote ni maiti ya mtu mweusi aliyeuawa na wazungu. Tofauti ni nani aliamua tuione na alitaka tufanye nini tukishaiona, na hilo huwezi kuliona ndani ya fremu hata ukodoe macho mpaka kesho, lazima mtu akwambie.

Postikadi zile mimi naziba nusu ya juu kwa karatasi. Nawaonyesha waliosimama chini tu: wamevaa vizuri, wengine wamekuja na watoto, wanatabasamu na kuitazama kamera. Nauliza, mbona hawajaficha sura? Darasa linafika lenyewe kwenye jibu, hakuna aliyeogopa kushtakiwa, na hapo tumeingia kwenye polisi na mahakama bila mimi kutoa hotuba.

Kuitoa ile karatasi ndo shida. Kuna siku naitoa, kuna siku naiacha, na sina kanuni, nikikwambia ninayo nitakuwa nakudanganya. Aliyening'inia pale hakukubali kupigwa picha wala ndugu zake hawakuulizwa, na aliyezipiga alitaka zitazamwe, sasa mimi nikizitundika ukutani namkomoa au namsaidia? Mwenzangu mmoja hazionyeshi kabisa, anasimulia tu kwa mdomo, na tumebishana sana lakini sijapata hoja ya kumshinda.